Hodi Korongoni

Mama yangu hakuwahi kukaa eda. Baba alichukuliwa nyumbani kwetu Unguja muda mfupi baada ya mapinduzi, na watu waliosema watamrudisha kabla ya adhuhuri. Hawakumrudisha. Hatukuletewa maiti, hatukuoneshwa kaburi, na kila ofisi mama aliyokwenda kuuliza walimwambia arudi kesho. Mimi nilikuwa mdogo mno. Ninachokumbuka ni mlango wa mbele uliobaki wazi asubuhi nzima na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuufunga.

Wanawake wa mtaani walipokuja, baada ya kupita muda, kumshauri mama akae ndani amlilie mumewe, aliwatazama akawauliza, "Eda ya nani?" Wakanywa kahawa yao wakaondoka. Tulihama, tukakaa Mombasa kwa shangazi, kisha tukafika London, na kote huko mama alimzungumza baba kama mtu aliyekwenda kazini. Baba yenu hapendi pilipili nyingi. Baba yenu akiona kelele hizi atakasirika. Hata nilipoolewa, posa ilipokuja, alisema, "Lau angekuwapo baba yake leo," na neno lile "leo" alilitia mkazo, ili mtu asidhani anasema mengine.

Kaka yangu aliirithi kauli hiyo nzima nzima. Ni mkubwa wangu kwa miaka mingi. Baba alipoondoka, yeye sauti ilikuwa imekwisha kuvunjika. Hapa London alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, akakaa Tooting, juu ya duka la mboga la Wahindi waliotoka Kampala. Alipenda kukaa pale kwa sababu akishuka kununua bamia aliweza kuzipigia bei kwa Kiswahili. Mke wake alitangulia mbele ya haki, hawakujaaliwa mtoto. Mimi nilikuwa nesi Lewisham, na nyumba yangu iko Thornton Heath, kwa hiyo tulikuwa karibu, na Jumapili alikuwa akija kula kwangu.

Mama alipofariki tulimsomea hitima katika ukumbi wa kukodi. Kabla ya dua, msomaji aliuliza kama tuna marehemu wengine wa kutajwa pamoja naye. Nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Nikasubiri kusikia jina la baba. Nikamsikia kaka akijibu, "Hakuna mwengine."

Jioni ile, tukikusanya sahani, nilimuuliza kwa nini.

"Umeliona kaburi?" akasema.

"Sijaliona, kaka. Lakini miaka yote hii…"

"Basi usimzike mtu kwa mdomo."

Sikulirudia tena neno lile. Kaka si mtu wa kugombana. Akikataa jambo hunyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko ugomvi. Nilijizoeza kumwombea baba peke yangu, kwenye sijda, bila ya kujua nimwombee rehema au nimwombee arudi. Mara nyengine nilimwombea vyote viwili.

Binti yangu alizaliwa hapa, akasomea unesi kama mimi, kisha akachoka na London akahamia Australia. Alipata kazi katika mji mdogo huko kaskazini magharibi, mbali na kila kitu, ambako hospitali moja inahudumia nchi kubwa kuliko Uingereza. Kila akipiga simu alitutaka tumtembelee. Nilipostaafu nikasema sasa, na kaka nikambeba naye, yeye akilalamika tangu kiwanja cha ndege hadi kiwanja cha ndege.

"Mtu anatoka kwenye baridi yake ya halali," alisema, "anakwenda kutafuta nzi."

Nzi kweli walikuwapo. Binti alitupokea kwa furaha. Yeye Kiswahili anakifahamu chote lakini hujibu Kiingereza. Mjomba wake humsemesha kwa Kiswahili, yeye humjibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yao hayakwami hata kidogo. Zamu zilipombana alitulipia safari ya kutwa, kwenda kuona korongo moja ambalo watu wa mji ule wanalisifu sana. Alitupangia chapati na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, kwa sababu alijua chakula cha gari kingekuwa na nyama ya nguruwe, akatuaga, akenda zake kazini.

Gari lilikuwa refu kwenda juu, la magurudumu makubwa, na ilibidi kaka asukumwe kidogo kupanda. Wenzetu walikuwa mke na mume Wazungu, wazee wa Sydney, na wasichana wawili wa Kijerumani waliolala mara tu tulipoiacha lami. Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa asili wa nchi ile, wa watu waliokuwapo kabla hajafika Mzungu wa kwanza. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye mpishi wa chai. Alitupa masharti yake kabla hatujaondoka: tunywe maji hata kama hatuna kiu, asitangulie mtu mbele yake, na asiokote mtu hata kijiwe akatia mfukoni.

Tulikwenda njia ya vumbi kwa masaa. Ardhi ilikuwa nyekundu kama kutu, majani makavu, vichuguu vya mchwa virefu kuliko watu, na mbingu iliyozidi. Sikuona nyumba. Nimekaa London tangu ujana wangu, na macho yangu yamezoea ukuta. Pale yalikuwa yanakwenda na kwenda bila ya kupata pa kutua. Kaka alikuwa ameshika kofia yake magotini.

"Mtu akipotea hapa," aliniambia kwa sauti ndogo, "nani atajua?"

Nikampa chupa ya maji anywe.

Korongo halionekani mpaka ulifikie. Nchi ni tambarare, kisha ghafla imepasuka, na chini, kati ya kuta nyekundu, unaona kijani cha miti na maji meusi yaliyotulia. Tuliteremka polepole kwa njia ya mawe. Kiongozi alimwacha mzee wa Sydney na mkewe watangulie hatua chache, kinyume cha masharti yake mwenyewe, ili yeye ashuke na kaka, bega kwa bega, bila ya kumgusa, akisimama kila kaka aliposimama na kujifanya anatazama ndege. Chini kulikuwa na baridi nzuri. Miti ilikuwa na gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Kaka akauliza kama mna mamba.

"Wamo," alisema kiongozi, "lakini wadogo, na wana haya kukushinda wewe."

Kaka alicheka. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu kilichofuata hakikuwa cha kucheka.

Kabla ya kuingia ndani ya korongo lenyewe, pale maji yanapoanza, kiongozi alitusimamisha. Akavua kofia. Akainama, akachota mchanga mkononi, akausugua kati ya viganja mpaka ukashika jasho lake, akaurusha majini huku akisema maneno ya lugha yake, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayezungumza na aliyemo chumba cha pili. Kisha akatugeukia. Alisema wazee wake waliokufa wako mahali hapa, nao hawapendi mtu kuingia kimya kimya kama mwizi. Kila mmoja wetu achukue mchanga, aurushe, ajitaje: yeye ni nani, ni mtoto wa nani, na ametoka wapi.

"Semeni kwa lugha ya kwenu," alisema. "Si lazima Kiingereza. Wao Kiingereza hawakukipenda sana."

Nilimtazama kaka. Yeye ni mtu wa dini, na uso ulikuwa umekwisha kubadilika.

"Mimi siombi mizimu," aliniambia kwa Kiswahili.

"Hawaombi, kaka. Wanapiga hodi."

Alifikiri. "Hodi haina makosa," akasema.

Wazee wa Sydney walianza, wakiona haya, kama watoto wa skuli. Wasichana wakafuata kwa Kijerumani. Ikafika zamu yangu. Nimekaa Uingereza umri mzima nikiulizwa ninatoka wapi, kwenye basi, wodini, na wagonjwa niliowaosha, na jibu langu siku zote lilikuwa fupi, la kumridhisha mtu anyamaze. Pale nilichota mchanga, nikataja jina langu, nikasema nimetoka Unguja, mtaa wetu nikautaja, nikasema ninakaa London. Jina la mama nikalitaja, na rehema nikamtakia. Nilipofika kwa baba ulimi ukasita. Nilihofu kusema jambo la kumuudhi kaka mbele ya watu. Nikataja jina la baba peke yake, bila ya kitu mbele wala nyuma, nikarusha mchanga.

Kaka aliinama kwa tabu. Alisugua mchanga muda mrefu. Kisha akanyanyuka akayatazama maji.

"Asalaam alaykum," alianza. Akataja jina lake. "Nimetoka Unguja. Mimi ni mtoto wa…"

Mchanga ulikuwa unamvuja vidoleni.

"Mimi ni mtoto wa marehemu," akasema, na akalitaja jina la baba, lake na la baba yake na la babu yake, yote matatu, wazi wazi.

Sikuwahi kulisikia neno lile likitoka kinywani mwake, wala kinywani mwa mama. Wenzetu hawakujua kilichosemwa; kwao ilikuwa lugha tu. Mimi nilishika jiwe. Kaka aliurusha mchanga uliobaki, akafuta mkono kwenye suruali, akamfuata kiongozi ndani.

Tulitembea ukingoni mwa maji mpaka mahali kuta zinapokaribiana na chini pana mchanga mpana, msafi, wenye kivuli. Wale wengine walianza kuvua viatu waogelee. Kaka alimwendea kiongozi, akamuuliza kwa adabu kama anaweza kutawadha kwa maji yale. Mama yule alisema anaweza. Nikadhani anataka kusali adhuhuri, nikatawadha nami. Tulisali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kupunguza, kama wasafiri. Alipotoa salamu sikumuona akikaa kuvuta uradi. Alisimama tena.

"Simama nyuma yangu," alisema. "Tumsalie baba. Sala ya ghaibu."

Sala ya maiti haina rukuu wala sijda. Watu husimama tu, na maiti huwa mbele yao. Mbele yetu, kwa kuwa ghaibu ni ya maiti asiyekuwapo, palikuwa na mchanga, kisha maji, kisha ukuta wa jiwe. Kaka alipotoa takbira ya kwanza sauti yake iligonga ukuta ule ikarudi, ikagonga wa pili, na wale wasichana waliokuwa majini wakanyamaza. Nilimuona kiongozi, kwa pembe ya jicho, akiwaashiria wengine wasogee mbali, kisha yeye mwenyewe akageuka akatupa mgongo, akasimama hivyo. Takbira ya tatu, mahali pa kumwombea maiti, kaka alikawia sana kutoa ya nne. Nilikuwa nalia na pua sikuweza kuifuta. Nilikuwa najua, kwa mara ya kwanza, nimwombee nini.

Baadaye, London, niliwauliza masheikh wawili kama sala ile ilikuwa sawa baada ya miaka yote ile. Mmoja alisema wanavyuoni wamehitilafiana. Wa pili aliniuliza kaka alikuwa na umri gani baba alipopotea, akahesabu kimoyomoyo, akasema kama alikuwa amekwisha baleghe, inafaa inshallah. Sikuuliza wa tatu.

Tulikaa juu ya jiwe tukala chapati zetu. Nilimngojea aseme mwenyewe. Alimenya yai, akalishika bila ya kulila.

"Siku ile," alisema, "walipomtoa, alinigeukia mlangoni. Akaniambia, 'Shika nyumba mpaka nirudi.' Basi. Hakuwahi kuniambia neno jengine."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa unanyonya kidole." Akatafuna kidogo. "Mama hakusikia. Sikumwambia mtu. Nilijua kitambo kwamba harudi. Nilijua tukiwa Mombasa bado. Lakini nikisema amekufa, nani atanipokea zamu? Angekuja nani kuniambia, 'Mwanangu, yatosha, weka chini'?"

Nilimtazama mikono. Alikuwa mzee kuliko baba alivyowahi kuwa.

"Na hapa je? Kwa nini leo?"

"Huyu mama amesema wanaosikiliza ni waliokufa." Alionesha maji kwa yai lake. "Mimi hayo siyaamini. Lakini pale niliposimama nilijiuliza, na kama baba yumo miongoni mwa waliokufa, popote walipo, ananisikia nasema yu hai? Nikaona haya. Nimemkatalia mauti yake umri mzima. Hata dua hatukumpelekea. Mama kamngoja, mimi nimemngojesha."

"Hukumngojesha, kaka."

"Nimemngojesha," alisema, na akalila yai lake.

Wakati wa kupanda kurudi juu joto lilikuwa kali na kaka alipumzika mara nyingi. Kiongozi alikuja nyuma, karibu yangu. Aliniuliza nani amefariki. Nikamwambia baba yetu. Akauliza lini, na mimi, nesi niliyeandika saa ya kufa kwa watu wengi, sikuijua siku yenyewe. Nilisema ilikuwa zamani, tulikuwa wadogo, walikuja watu wakamchukua, na hatujui alipolazwa. Alitembea hatua kadhaa.

"Sisi nasi tunao hao," alisema. "Bibi yangu alikuwa na kaka." Juu, garini, alimpa kaka kikombe cha kwanza cha chai, kabla ya wale wazee wengine, na sukari nyingi ambayo hakuombwa.

Binti yangu aliporudi kutoka kazini magharibi alimkuta mjomba wake amelala usingizi mzito kwenye kochi, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama safari ilikuwa nzuri. Nilimweleza yote jikoni. Hakuwahi kusikia habari za babu yake ila vipande. Alinisikiliza akiwa bado amevaa sare, kisha akenda kumfunika mjomba wake shuka, akamwambia taratibu, kwa Kiswahili kilichopinda lakini Kiswahili, "Pole, mjomba." Kaka alifumbua jicho moja. "Tumeshapoa," akasema.

Tuliporudi London tulimsomea baba hitima, nyumbani kwangu Thornton Heath. Sikutaka ukumbi. Wanaume waliketi chumba cha mbele, wakajaa mpaka ngazini, wanawake jikoni na vyumba vya juu. Tulipika pilau, tukatafuta halua. Niliwahofu watu, nilidhani watacheka, hitima ya mtu aliyepotea dunia ikiwa nyengine. Walikuja kutoka kila upande, wengine hata sikuwaalika. Kaka alikaa karibu na mlango akipokea mikono. Poleni, walimwambia, kama vile maiti ametoka asubuhi ile, naye akawajibu kila mmoja, tumeshapoa, tumeshapoa, na sikuona mtu aliyecheka.

Msomaji alipouliza majina, kaka alilisema la baba kwanza, kisha la mama. Akafuatia mzee mmoja aliyekuwa ngazini, akataja la ndugu yake. Mwengine akataja la mjomba. Jikoni kwangu mwanamke wa Tooting, ambaye mimi na yeye tulikuwa tunapeana salamu tu dukani, alinishika pindo la kanga. Alikuwa akinong'ona. Ilibidi niiname nisikie.

"Mume wangu," alisema. "Tulikuwa na miezi tu tangu harusi. Inafaa na mimi nimtaje?"

Nilikwenda mlangoni mwa chumba cha mbele nikalipeleka mwenyewe jina la mumewe, kwa sauti, mbele ya wanaume. Msomaji akaliongeza.

Jioni nilimsindikiza kaka kituo cha basi kwenye barabara ya maduka. Mvua ilikuwa inanyunya, na wenye maduka ya nywele walikuwa wanateremsha milango yao ya chuma. Alichoka, lakini hakuwa na haraka. Maisha yangu yote nilimsikia akisema baba hapendi hiki, baba hataki kile, maneno ya mama yale yale, na sikuwahi kupata picha ya mtu.

"Alikuwa akiimba," alisema ghafla. "Akinyoa ndevu. Sauti mbaya, mbaya kabisa. Mama alikuwa akifunga dirisha ili majirani wasisikie."

Nilicheka. Basi likatokea, taa zake zikang'aa kwenye lami iliyolowa. Nikamshika mkono apande, akampungia dereva apite.

"Na alikuwa akiogopa paka," alisema. "Mtu mzima, mrefu kuliko mimi, paka akiingia barazani yeye hupanda kiti."

"Wacha, kaka!"

"Wallahi. Na kovu alikuwa nalo hapa." Alinigusa chini ya kidevu kwa kidole chenye baridi. "Aliangukia ndoo utotoni. Wewe ulikuwa ukikaa mapajani mwake ukilitia kidole, mpaka ukalala."

Basi jengine likaja. Tukaliacha nalo.